Jeneza la Bwana Walter

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mmoja nimemsimulia bata, mwingine mananasi, mwingine nimemwambia tu kwamba nilichoka. Sasa vipande vyangu vimeanza kugombana huko kwenye kundi letu la simu, na Salma anaapa kwamba tulibeba maiti. Hatukubeba maiti. Naandika yote hapa, tangu tulipotoka Dar hadi tulipokaa kula samaki Mbegani, ili nisiulizwe tena.

Nilivyoipata kazi ile ya ukalimani si hadithi. Inatosha mjue kwamba Bwana Walter ni ofisa wa konseli katika ubalozi wa Marekani. Si balozi wa hotuba na karamu. Ni yule wa upande wa viza, wa Wamarekani waliofungwa, waliopotea na waliofia ugenini. Anakaribia kustaafu. Safari yetu ilikuwa ya mmoja aliyefia ugenini: Joseph, mzee aliyelima mananasi ndani ndani ya Kiwangwa kwa miaka mingi, akasilimu, akaoa, akaitwa Mzee Yusufu. Alifariki asubuhi, akazikwa alasiri, kama tunavyofanya. Binti yake Ellen, aliyeko Marekani, alipopata habari baba yake alikuwa ameshazikwa. Alitaka arudishwe kwao.

Sheria anayoifuata Bwana Walter inampa neno mke, haimpi binti. Na mke, Bi Mwanaidi, alikuwa ndani ya eda, haonani na mwanamume asiye ndugu yake. Ndiyo maana walitafuta mkalimani wa kike. Mnanijua: nilianza kuuliza maswali kabla gari halijawashwa. Kwa nini mjane afungiwe? Kwa nini mke awe na haki kuliko mtoto? Kwa nini asipigiwe simu tu, mambo yakaisha? Bwana Walter alijibu lile la mwisho pekee. "Mtu akikuuliza kama akufukulie mumeo," alisema, "anapaswa kuja."

DAR HADI KEREGE

Mvua ilitukuta Tegeta. Mwaisaka, dereva wetu, ni mtu wa Mbeya mwenye imani moja kuu, kwamba watu wa pwani hawajui kuendesha kwenye mvua. Akawasha taa za dharura zikawa zinapepesa mbele na nyuma, akapunguza mwendo, akashika usukani kwa mikono miwili kama ameshika sinia la vikombe. Tulipita Bunju hivyo hivyo, na hata mvua ilipokatika hakuzizima.

Gari lilikuwa la Bwana Walter mwenyewe, jeupe, refu. Alilinunua kwa ofisa aliyekalia kiti chake kabla yake, ambaye naye alilinunua kwa mwingine. "Sisi huuziana magari, sufuria, vitanda," alisema. "Karibu maisha yangu yote nimelalia vitanda vya watu waliohamishwa." Juu ya paa lilikuwa na boksi la plastiki ngumu, jeusi, refu kuliko mimi, lenye kufuli. Nilimwuliza lina nini. Akasema hajui. Ufunguo haukuja na gari, na mwenyewe hakusema kama amemwuzia na boksi, kwa hiyo hakuwahi kuligusa.

Nikamwambia ukweli mapema, ili usije ukajificha kati yetu: kwamba miaka miwili iliyopita nilisimama kwenye dirisha la ofisi yake nikiwa na barua ya chuo, nikaulizwa kama nitarudi nyumbani, nikasema nitarudi, nikanyimwa. Hakuwa yeye. Wakati huo alikuwa bado Dhaka.

"Ningekunyima na mimi, labda," alisema.

"Bila kunijua?"

"Hakuna anayemjua mtu dirishani. Unamwangalia kwa muda wa kunywa kikombe cha maji, unakisia. Nimekisia Lima, nimekisia Dhaka, nimekisia Accra. Mara nyingine nimekisia vibaya. Sijapata kuambiwa ni zipi."

Mnajua ninavyochukia mtu akikubali kosa kabla sijamaliza kumshitaki. Nikatazama nje, na hapo ndipo nilipoona watu wanasimama.

Wa kwanza walikuwa kwenye benchi la kinyozi. Walituona, wakasimama wote. Kisha fundi pikipiki mmoja, spana mkononi. Kisha kijiwe kizima cha kahawa, na mmoja wao aliyevaa kepu akaivua akaiweka kifuani. Bodaboda walijitenga pembeni wakatupisha. Bwana Walter, ambaye Kiswahili chake chote ni "habari za leo," akawa anawapungia mkono kulia na kushoto.

"Watu wema sana," alisema.

Nilimpa mhadhara. Nilimweleza kwamba wameona namba za kibalozi, na kwamba kumsimamia mwenye gari kubwa ni mazoea mabaya ambayo ukoloni ulituachia na sisi wenyewe tumeyatunza. Nilizungumza toka Mapinga hadi Kerege. Alinisikiliza kwa adabu, akaacha kupunga mkono. Mwaisaka yeye alisema tu, "Kwetu Mbeya hakuna anayenisimamia," akatunisha kifua.

BAGAMOYO: BAJIA ZA BHAI NURU

Tulisimama Bagamoyo kumwona Bhai Nuru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mabomba. Babu zake walitoka Kutch, yeye ametoka hapo hapo, na alikuwa amemwuzia Mzee Yusufu mipira ya kumwagilia tangu nywele za wote wawili zilipokuwa nyeusi. Ndiye aliyepeleka habari za kifo ubalozini. Alitoka nyuma ya meza, akatazama juu ya gari, akaweka mkono kifuani.

"Innalillahi. Mmeshamchukua? Mapema hivi?"

"Shikamoo, Bhai. Kumchukua nani?"

"Marahaba. Yusufu." Akaonyesha paa kwa kidevu. "Hilo si jeneza, au macho yangu?"

Nilikuwa naupitia upya mhadhara wangu wote, toka Mapinga.

"Binti," akasema, "gari refu, kitu cheusi juu, taa zinapepesa, mwendo wa pole. Mwenye akili timamu afikirie nini? Harusi?"

Nilipomtafsiria Bwana Walter, sikuacha kitu, hata sehemu ya mimi kuwa mjinga. Sikutegemea alichosema. Aliketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akafikiri, akasema kwamba katika kazi yake simu ya kumwambia mtu amefiwa huipiga mwenyewe, hamwachii mwingine, na kila mara huipiga akiwa amesimama. Hakuna anayemwona. Hajui alianzia wapi. "Sasa nimewapungia mkono watu waliosimama kwa ajili ya maiti," alisema. "Kama mwanasiasa."

Bhai Nuru akatukalisha, zikaja bajia za dengu, chatini ya nazi na chai ya tangawizi iliyokwaruza koo vizuri. Kwenye bajia ya tatu akatoa lililobaki. Shomari, kaka yake Bi Mwanaidi, alikuwa amempigia simu. Mtu wa Mapinga kampigia mtu wa Bagamoyo, wa Bagamoyo kampigia Shomari: Wamarekani wanakuja na jeneza.

"Akaniuliza, Bhai, ni kweli? Nikamwambia subiri nichungulie. Nikachungulia mlipokata kona. Nikamwambia ni kweli."

"Basi mpigie tena, umwambie si jeneza."

Akapiga. Simu ya Shomari ilikuwa imezimwa.

Mwaisaka akataka tuling'oe boksi tuliache pale dukani. Lakini vifungio vyake viko kwa ndani, na ndani hakuingiliki bila kuvunja kufuli. Bhai Nuru alishaleta patasi. Bwana Walter akakataa. Alisema amefunga kwa lakiri masanduku ya watu waliokufa katika mabara manne, na hajawahi kufungua cha mtu bila idhini yake. Nilimwambia kwamba huyu mwenye boksi hajafa, amehamia nchi nyingine tu. "Ndiyo," alisema, "wengi wetu tuko hivyo." Tukazima taa za dharura tukaondoka, na boksi letu juu.

KIWANGWA, NA LORI LILILOKAA NJIANI

Tulivuka daraja la Ruvu, tukafika Kiwangwa, tukaacha lami. Ndani kule barabara ni udongo mwekundu, na baada ya mvua unakuwa sabuni. Hatukwenda mbali, tukakuta lori la mananasi limelala ubavu katikati ya njia kama mtu aliyekataa kuamka. Wanaume walikuwa wanalishusha mzigo ili walisukume. Tukasubiri. Jua lilitoka, likatuchoma, likajificha, likatoka tena.

Mama mmoja, mfanyabiashara, mwenye mzigo wake ndani ya lori lile, alitukatia nanasi kwa panga, vipande virefu vilivyotiririka hadi kwenye viwiko. Alipojua mzungu wangu ni nani, akamvalia njuga.

"Mwambie huyo babu anipe viza. Nanasi nimeshampa."

Nikatafsiri. Bwana Walter akafuta mkono. "Mwulize kama atarudi."

"Nirudi kufanya nini," mama akasema, "na nanasi lenyewe halina bei?"

Wanaume walioshika magogo walicheka hadi lori likarudi pale lilipokuwa. Bwana Walter naye alicheka, lakini baadaye akaniambia kwamba huyo ni mtu wa kwanza kumjibu swali lile bila kumdanganya.

"Kwa hiyo ungempa?"

"Hapana," alisema. "Lakini nisingemsahau."

Tulipokuwa tunangoja alinieleza kuhusu Ellen. Amezungumza naye mara nyingi kwa simu. Halii. Anarudia mambo yale yale: kama baba yake alikufa peke yake, na kama kuna mtu yeyote wa kwao aliyefika pale. Mwishowe alisema: kama mke atakataa, basi wewe nenda ukasimame alipolala, umwambie Ellen anamsalimu. Nilimwuliza Bwana Walter kama hilo ni sehemu ya kazi yake. Akasema halimo popote katika kazi yake. Nikamwuliza tena, kwani ina maana gani kumsalimu mtu asiyesikia? Akasema hajui, lakini amekuja umbali wote huo kwa ajili ya maneno mawili, la mke na hilo, na akirudi bila hata moja hatakuwa na la kumwambia yule binti.

BOKSI

Pale kwa Bi Mwanaidi hatukupokewa. Tulizuiwa. Wanaume wapatao kumi walikuwa wamesimama mbele ya kiambaza, na katikati yao Shomari, mtu mfupi, mpana, mwenye kanzu iliyopauka na macho yaliyokataa kutua popote isipokuwa juu ya gari letu.

"Asalaam aleikum," nikasema.

"Waaleikum salaam. Hilo lirudi lilikotoka."

"Kaka Shomari, si jeneza. Ni boksi la mizigo."

"Lina mzigo gani?"

"Hatujui."

Hata mimi nilisikia lilivyo jibu baya. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hawajui. Wamelibeba toka Dar, hawajui." Mwingine akauliza kama tumekuja na majembe au tutaazima.

"Kama ni boksi, lifunguliwe," akasema Shomari. "Lisipofunguliwa, hakuna mazungumzo."

Nikatafsiri. Bwana Walter alilitazama lile boksi, kisha akanitazama mimi, kisha mlango wa nyumba uliokuwa na pazia la kanga. Sijui alipima nini. Akamwambia Mwaisaka, "Vunja."

Mwaisaka akapanda na spana ya tairi. Kufuli lilitoa mlio mmoja likaachia. Akainua kifuniko, akachungulia, wanaume wote wakasogea hatua mbele. Kisha akaingiza mkono akatoa mwavuli wa ufukweni. Akaingiza tena, akatoa bata.

Lilikuwa boya la mtoto la kuogelea, la njano, limenywea, shingo imelala upande, mdomo mwekundu. Mwaisaka alilishika kwa ncha za vidole, mtu mzima wa Mbeya, akageuka kulionyesha kwa mkutano.

"Marehemu huyu hapa," akasema.

Aliyeanza kucheka hakuwa miongoni mwetu. Kicheko kilitoka nyuma ya pazia, cha mwanamke, kikakatishwa haraka kwa mkono mdomoni. Baada ya hapo wanaume nao wakaachia. Shomari alijitahidi akashindwa, mabega yakawa yanamtikisika. Bwana Walter alilichukua lile boya, akaligeuza geuza, akasema kwamba mtoto mwenye bata huyu siku hizi lazima ana ndevu, na yuko nchi nyingine.

Wakatukaribisha. Nilikuwa nimechoka miguu, nikaona upande wa nyumba, karibu na alipoegesha Mwaisaka, rundo la makuti lililopangwa vizuri, likanivutia. Nilikuwa nimeshainama nikae.

"Usikae hapo!"

Ni Shomari. Alisema kwa sauti iliyonisimamisha kama nimekanyaga moto. Kisha akalainika. "Kuna siafu, dada. Njoo kwenye mkeka."

PAZIA

Bwana Walter aliwekewa benchi upande wa nje wa pazia. Mimi nikaingia. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, amevaa nyeupe, hana kipambo chochote. Nilimwamkia. Akaniitikia, akaniuliza kwetu wapi, mama mzima, nimekula. Macho yake yalikuwa bado na maji ya kile kicheko.

Nilishindwa kujizuia. Nilimwuliza kama hachoki kukaa ndani kama mfungwa.

"Mwanangu," akasema, "nimelima miaka thelathini. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza hakuna anayenituma hata maji. Wewe unaona kifungo. Mimi namlilia mume wangu kwa nafasi. Haya, mwambie mgeni aseme."

Bwana Walter alisema kila kitu bila kuzunguka: kwamba binti angependa baba yake arudi kwao, kwamba neno ni la mke, kwamba akisema hapana itakuwa hapana na hakuna atakayekuja tena.

"Mwambie hapana," akasema Bi Mwanaidi. "Yusufu alioshwa, akaswaliwa, akalala. Mtu hulazwa mara moja."

"Nimesikia," akasema Bwana Walter. "Asante."

Nje nilimsikia Shomari akimwuliza mwenzake, "Ndiyo basi? Habishi?"

Bi Mwanaidi naye alishangaa. Akasogea karibu na pazia. "Mwambie na mimi niliwahi kufika dirishani kwao. Yusufu alitaka twende pamoja nikamwone Ellen. Nikaulizwa kama nitarudi. Nikasema shamba langu, ndugu zangu, makaburi ya wazee wangu, nitaviacha na nani? Sikuaminiwa. Kwa hiyo huyo Ellen sijamwona, wala hajaniona."

Nikatafsiri, na sitawaficha, nilitafsiri kwa raha. Bwana Walter hakujitetea kwamba si yeye.

"Mwulize. Maana wao huuliza watu watarudi wapi. Yeye atazikwa wapi?"

Nikamwuliza. Kuku walipita. Bwana Walter alikuwa ameshika magoti yake. Akaeleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa Accra, kwamba nyumba iliuzwa, kwamba kila baada ya miaka mitatu alihama, na ndoa yake ilibaki mahali fulani kati ya mji wa pili na wa tatu. "Mwambie sijui," akasema.

"Masikini," akasema Bi Mwanaidi polepole. Hilo sikulitafsiri, lakini nadhani sauti ilivuka yenyewe.

Kisha nikamweleza ombi la Ellen, la kusimama na kusalimu. Nikamwuliza pia lile lingine: alikufa peke yake? "Hakufa peke yake. Kichwa chake kilikuwa hapa." Akagusa paja lake. "Nilimpa maji ya kijiko. La kusimama, Shomari atawapeleka."

Kabla ya kwenda tulilishwa wali wa nazi, kisamvu na dagaa wa kukaanga. Mwaisaka alisema kwamba pwani wana makosa mengi lakini nazi si mojawapo. Kisha Shomari akatupeleka makaburini, kupita shamba la mananasi na mikorosho, hadi kwenye kaburi lenye sahani ya zamani kichwani, karibu na kisiki. "Hapa," akasema. Bwana Walter alisimama sawasawa, mikono pembeni. Akasema kwa lugha yake, "Joseph, Ellen anakusalimu." Basi. Nilitazama mbali, kwa sababu ambazo bado sizielewi.

RUNDO LA MAKUTI

Nilirudi ndani kumuaga Bi Mwanaidi. Aliniuliza mambo ya njia, ya mvua, kisha, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Amesimama wapi?"

"Karibu na kisiki cha mkorosho. Penye sahani."

Akafumba macho. "Hapo amelala babu yetu, mzaa mama."

Mnanijua mimi ni mtu wa maswali. Hapo sikuwa na hata moja. Mwenyewe alionekana anabishana na mtu ndani ya kichwa chake. Angeweza kuliacha. Sisi tulikuwa tunaondoka, Ellen yuko ng'ambo, babu yake alikuwa amepata salamu ya bure.

"Ellen analia?" akauliza.

"Anasema halii. Anauliza tu maswali yale yale."

"Huko ndiko kulia," akasema. Akapaza sauti. "Shomari!"

"Naam, dada."

"Mgeni umemsimamisha kwa babu?"

"Dada, watu hawa wana magari. Leo wanasalimu, kesho wanarudi usiku."

"Wamekuja na bata, Shomari."

"Dada."

"Nakwambia. Mimi siwezi kutoka, miguu yangu ni wewe. Usinifanye niseme uongo mbele ya mtoto wa Yusufu."

Nilipotoka nilimkuta Shomari amesimama kwenye rundo la makuti, lile nililotaka kulikalia, hatua chache kutoka kwenye tairi letu. Hakutazama mtu. Akaanza kuyaondoa, kuti moja moja, akiyalaza pembeni kwa upole. Chini yake kulikuwa na udongo mwekundu ulioinuka, mpya bado, na kijiti kichwani. Wakati wote tuliokuwa tunavunja kufuli, tunacheka bata, tunakula wali, Mzee Yusufu alikuwa pale pale, chini ya dirisha la mkewe.

Nilimweleza Bwana Walter yote. Nilitegemea akasirike, au angalau aone aibu. Alimgeukia Shomari. "Mwambie wamemlinda vizuri," alisema. "Nimeona wengi walioachwa bila hata mtu wa kuwadanganyia."

Nikamwambia. Shomari akajikuna shingo. "Mwambie siafu nao walikuwepo," akasema. "Wachache."

Bwana Walter akasogea, akasimama kama mara ya kwanza. "Joseph," alisema, "Ellen anakusalimu."

Pazia la dirishani likatikisika. Bi Mwanaidi aliuliza kutoka ndani, "Kasemaje?"

"Amesema Ellen anakusalimu. Anamsalimu baba yake."

Sauti ilipokuja ilikuwa ya mtu anayejibu kwa niaba ya mwenye nyumba aliyelala.

"Marahaba," akasema. "Mwambie binti, marahaba. Nimemwitikia mimi."

MBEGANI

Boksi lilibaki kule. Sasa lilikuwa limefunguka, Mwaisaka alizifungua nati zake, na Shomari akaona litafaa kubebea miche. Bwana Walter alisema atamwandikia mwenyewe amweleze. Bata alimchukua.

Kwenye njia ya kurudi hakuna aliyesimama. Tulipita Kiwangwa, tukapita daraja, tukapita kwa Bhai Nuru aliyetupungia mkono tu, na bodaboda wakatubana kama gari lolote. "Nilishaanza kuzoea," akasema Bwana Walter.

Mbegani tulikaa kwenye kibanda cha samaki, viti vya plastiki, jua likiwa bado juu. Tuliletewa changu wa kukaanga na ndizi. Meza ya pili walikaa wavuvi wanne wakibishana kuhusu bei ya mafuta ya mashine. Nilikuwa nataka kumwuliza mengi: kama atamwambia Ellen kuhusu kaburi la kwanza, kama maisha ya kukisia watu yanalipa, kama mimi nikienda tena dirishani nijibu kama yule mama wa mananasi.

Akatazama saa. Kwao kulikuwa asubuhi. Akafuta mikono, akatoa simu, na kabla hajabonyeza akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Ellen," alisema. "Nimetoka kwake sasa hivi."

Mwaisaka alikuwa na kipande cha samaki mdomoni. Alimtazama bosi wake, akakitoa, akakiweka kwenye sahani, akasimama. Mimi nikasimama. Kwenye meza ya pili mabishano yalikatika. Wale wavuvi hawakujua lugha, hawakujua nani, walituona tu. Mmoja akaweka kikombe chini, na wote wanne wakasimama, wakakaa hivyo wameinamisha vichwa, wakati Bwana Walter anamweleza yule binti kwamba baba yake ameitikia.